Baba alikuwa askari na alikuwa mzee wa kanisa, wasifu wake niuandikeje?

Shikamoo Anti,

Naandika nikiwa Mbeya mjini lakini kwetu ni Rungwe, unapita Tukuyu unaingia ndani kidogo. Baba yangu alifariki mwaka jana, na mwaka huu mwezi wa nane tunafanya ibada ya shukrani na kujengea kaburi. Kikao cha familia kikaamua mimi ndo niandike wasifu wake, wa kusomwa kanisani na kuchapwa kwenye kile kitabu kidogo chenye picha ambacho watu wanaondoka nacho. Wamenipa mimi kwa vile ni mwalimu. Siku ya mazishi uliosomwa uliandikwa usiku kwa haraka, kuzaliwa, shule, jeshi, kustaafu, mzee wa kanisa, ameacha mjane watoto na wajukuu, basi. Mama hakuupenda kabisa, alisema aliyesomwa pale angeweza kuwa mume wa mtu yeyote.

Baba aliingia jeshini 1976 akiwa na miaka 20. Vita ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, alikuwepo, vita ikaisha akabaki Uganda kwanza, miaka ya themanini huko mwishoni akaenda Msumbiji, 1994 akaenda Liberia. Kastaafu akiwa sajini. Halafu sasa baada ya kustaafu ndo akaanza kuzunguka kwa ajili ya kanisa, anapanda treni ya TAZARA hapa Mbeya anashuka Kapiri Mposhi kule Zambia, anakaa wiki na wenzake wa huko wanahubiri na kupiga matarumbeta, na Malawi ndo alikuwa anaenda kama mtu anayeenda sokoni Kiwira. Ni Mmoravian haswa, muumini wa Kanisa la Moravian. Nyumbani kwetu chai ya asubuhi haikunywewa mpaka asome neno la siku, kwenye kile kitabu chetu, hata kama kuna mgeni anawahi basi, hata kama ni mvua na giza na umeme umekatika, anawasha tochi anasema "tusome kwanza". Sisi watoto tulikuwa tunaangalia mvuke wa chai unavyoisha.

Sasa shida yangu Anti ni kwamba kila mtu ana baba wake anayetaka nimwandike.

Ba'mdogo anataka iandikwe kwamba baba alikuwa wa kwanza kuingia Kampala, na kwamba alipigana na Wareno Msumbiji, na kwamba huko Uganda alikuwa Mbarara na Lukaya kote. Pia anataka kaburi lichorwe bunduki. Ukimuuliza umejuaje anasema kaka yake hakuwa mtu wa kujisifu ndo maana hakusema. Mzee mmoja wa kanisa ambaye alikuwa rafiki wa baba sana yeye anasema ile ni ibada sio gwaride, jeshi tuliweke mstari mmoja tu, "alilitumikia taifa", halafu tuendelee na utumishi wake kanisani. Na mimi ninayeandika naona wote wawili wanamzungumzia mtu nusu.

Halafu kuna daftari. Kwenye sanduku lake la chuma, chini ya kombati, tulikuta kaunta buku limevalishwa karatasi ya kaki kama la mwanafunzi. Ndani ni mistari, kila mstari jina na mahali. Wengi ni askari wenzake, Kyaka, Mutukula, Masaka, nadhani ni waliofariki. Pembeni ya kila jina kuna tiki nyingi nyingi za kalamu tofauti, bluu, nyekundu, penseli, yani alikuwa anawaombea mmoja mmoja kwa zamu miaka yote hiyo. Lakini katikati ya hao wenzake kuna mistari mingine. "Mama wa Masaka, alitupa maji." "Mtoto wa kizuizini, Liberia, ana bunduki." Na huu ambao ndo umeleta ugomvi: "Mlibya. Lukaya. Jina silijui." Huyo Mlibya ndo ana tiki nyingi kuliko wote, zimejaa mpaka zimeenda ukurasa wa pili, na za mwisho mkono unaonekana unatetemeka, ni za mwaka jana.

Ba'mdogo anasema ukurasa huo tuuchane tuuchome, askari haombei adui, watu watasema alikuwa dhaifu. Mzee wa kanisa naye anasema tusiuguse kanisani maana watu watauliza kwahiyo mzee aliua? Mama nilimuuliza akasema usiku alikuwa anamsikia anasali kwa majina ila hakuwahi kumuuliza, akamaliza kwa kusema "amueni nyie watoto".

Anti, niandike nini na niache nini? Na hilo daftari nilifanyeje?

Binti wa Rungwe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa baba. Barua yako nimeirudia kuisoma, na nianze na lile la haraka kabla sijasema mengine: ukurasa huo usichanwe wala usichomwe. Leo hii hii chukua daftari lote, piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana kwenye mwanga mzuri wa dirishani bila flashi, tuma kwa ndugu zako wawili watatu na ujitumie mwenyewe kwenye imeili. Halafu lenyewe lifunge kwenye bahasha uweke mahali pakavu, maana na mvua za Tukuyu karatasi ya zamani haikai sandukuni miaka mingi bila kuota ukungu. Hata kama mwisho wa siku mtaamua hakuna hata mstari utakaosomwa, daftari libaki. Hilo ndo andiko pekee aliloandika baba yenu kwa mkono wake kuhusu maisha yake, mengine yote tunasimuliwa na watu.

Na ndo maana nakwambia wasifu wako tayari unao. Ba'mdogo anataka askari, mzee wa kanisa anataka mcha Mungu, na baba yenu mwenyewe alishawaweka wote wawili kwenye mstari mmoja, Mlibya, Lukaya, jina silijui. Wewe kazi yako ni kuandika kwa namna ambayo mtu akifika kwenye mstari huo ataelewa umetoka wapi.

Sasa tuje kwa ba'mdogo. Usimwite muongo, na wala sidhani ni muongo. Vita inaanza yeye pengine alikuwa mtoto wa shule, na mtoto wa 1978 aliyekaa karibu na redio na kaka yake yuko mbele hakosi kumjengea kaka yake ukubwa, hayo ni mapenzi. Kaa naye na tarehe, taratibu, sio kwenye grupu la WhatsApp la familia, kaeni wawili. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera kuwa yake, kesho yake 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaongea na taifa, ile hotuba ya sababu, nia na uwezo. Daraja la Kyaka kwenye mto huo likavunjwa. Januari 1979 wetu wakachukua Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, Machi tarehe 10 kuamkia 11 ikawa Lukaya, Aprili 7 Entebbe, Aprili 10 na 11 Kampala, na vita yenyewe ikaja kumalizika mwanzoni mwa Juni huko kaskazini mpakani na Sudan.

Ukiziangalia tarehe hizo utaona Mbarara na Masaka ziliangukia siku zile zile karibu, na ni njia mbili tofauti, kuna vikosi vilipita upande wa Mbarara vikaelekea magharibi na vingine vilipita Masaka, Lukaya, kwenda Kampala. Daftari linasema Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya. Hiyo ni njia moja imenyooka, na mimi namwamini aliyeandika daftari. Kampala waliingia maelfu, tena pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, hakuna mtu anayeweza kusimama kanisani akasema fulani ndo alitangulia, na pale kanisani lazima atakuwepo mzee mwingine aliyekuwepo, wa JWTZ au wa mgambo au wa Magereza maana wote hao walipelekwa, atakaa kimya kwa heshima lakini moyoni ataanza kutilia shaka na yale ya kweli. Wareno ndo kabisa haiwezekani, Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975 na baba kaingia jeshini 1976. Aliyemkuta huko miaka ya themanini ni waasi wa Renamo, wanajeshi wetu walienda kuisaidia serikali ya Frelimo, na hiyo nayo ilikuwa kazi ngumu tu, haihitaji Mreno kuongezwa.

Lakini usimwache ba'mdogo mikono mitupu. Muulize vitu alivyoviona yeye kwa macho yake. Kaka alirudi lini, alivaa nini, alikonda? Usiku wa kwanza alilala au alikaa nje? Alileta nini kutoka Uganda? Mama yao alifanya nini alipomuona getini? Hayo hakuna mwingine anayeyajua, na akifa nayo yanakwenda. Nakuhakikishia ukimuuliza hivyo atasahau habari ya Kampala.

Kwa vitu vya kuthibitisha, tafuta hati yake ya kustaafu, itakuwa na tarehe ya kuandikishwa, cheo na kikosi. Medali zigeuze usome nyuma na pembeni, usiandike jina la medali kwa kubahatisha. Picha nazo geuza, askari wa zamani walikuwa wanaandika nyuma ya picha mahali na mwaka. Halafu mtafute mmoja tu aliyekuwa naye kombania moja, wastaafu wa jeshi wanajuana, na ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya wanaweza kukuelekeza kwa wazee waliopo. Ukimpata mpigie simu kwanza, umsalimie vizuri, usianze na vita, anza na "baba alikuwa anakutaja" kama kweli alikuwa anamtaja. Liberia pia muulize, maana hiyo watu wengi hata hawaijui, kwamba mwaka 1994 Tanzania ilipeleka wanajeshi kuungana na ECOMOG, jeshi la nchi za Afrika Magharibi, kwenye nchi ambayo watoto wadogo walikuwa wanashikishwa bunduki wasimamishe magari barabarani. Ule mstari wa mtoto wa kizuizini, yani kizuizi cha barabarani, bila maelezo hayo hakuna kijana wa leo atakayeuelewa, kwahiyo weka sentensi moja ya kumuelezea.

Mzee wa kanisa sasa. Huyu mheshimu zaidi, kwa sababu hofu yake ina mizizi. Wamoravian wa zamani kabisa huko Ulaya walikataa kushika silaha, mpaka Uingereza Bunge lilitunga sheria 1749 ya kuwaruhusu wasilazimishwe kwenda vitani. Kwahiyo mzee kusita kuingiza vita madhabahuni sio ushamba, ni damu ya kanisa lake. Ila kanisa hilo hilo lina desturi nyingine ambayo naomba umkumbushe kwa upole. Huko Herrnhut Ujerumani, walikotoka, tangu miaka ya 1700 muumini alikuwa anaandika historia ya maisha yake mwenyewe, na inasomwa siku ya kuzikwa, na hawakuandika mazuri tu, waliandika mashaka, safari, magonjwa, makosa, walivyopotea na walivyorudi. Yamehifadhiwa maelfu mpaka leo. Kwahiyo mstari mmoja wa "alilitumikia taifa" ndo mgeni, wasifu mrefu wa kweli ndo wa Kimoravian. Na kile kitabu cha neno la siku alichokuwa anawasomea kimetoka huko huko, kinachapwa kila mwaka tangu 1731, tafuta kilikuwa kinasema nini siku aliyofariki, mtaona kama kinafaa kuwekwa kwenye jalada.

Na kama mzee anaogopa neno askari kanisani, mfungulieni Matendo 10. Kornelio alikuwa akida wa kikosi, na Biblia inamwita mtauwa, mchaji wa Mungu, yeye na nyumba yake yote. Luka 3 askari wanamfuata Yohana kabisa kumuuliza na sisi tufanye nini, hakuwafukuza. Mlibya wa Lukaya yeye yuko Mathayo 5, waombeeni wanaowaudhi. Baba yenu hakuwa anafanya jambo la ajabu nje ya imani yake, alikuwa anatii, tena kwa kalamu, miaka zaidi ya arobaini. Mimi nimesikia wasifu nyingi misibani za "alikuwa mcha Mungu" mpaka neno limechakaa, lakini hii ya kwenu unaweza kuifungua ukaonyesha.

Sasa swali lenyewe, je mzee aliua? Mwanangu, mstari hausemi hivyo na wewe usiuseme. Inawezekana alimpiga yeye, inawezekana alimkuta amekufa barabarani, inawezekana alimkuta hai anaomba maji. Walibya walikuwepo Lukaya, Gaddafi aliwatuma kumsaidia Amin, na usiku ule mwanzoni wakawarudisha nyuma askari wetu kabla wetu hawajawazunguka kwa pembeni, kwahiyo lolote linawezekana. Baba alijua na akachagua kuandika maneno hayo tu. Usiyaongeze wala usiyapunguze. Mtu akikuuliza pale nje ya kanisa, jibu ni "alikuwa vitani, na alimuombea mpaka mwaka aliofariki", halafu unamkaribisha chakula.

Lakini kabla ya kusoma chochote rudi kwa mama. "Amueni nyie" ya mjane sio ruhusa, mara nyingi ni uchovu. Nenda nyumbani ukae naye jikoni, umsomee kile kipande chote kama kitakavyosomwa, neno kwa neno, umwangalie. Akisema "hiki hapana", basi hapana, hata kama ndo ulichokipenda wewe. Yeye ndo alikuwa anamsikia usiku.

Majina ya askari wenzake usiyasome hadharani hivi hivi. Kila jina lina familia, na pengine kuna familia haijui mtoto wao aliangukia wapi. Wapo waliozikwa Kaboya kule Muleba kwenye makaburi ya mashujaa, ukipata mstaafu wa kombania yake mwonyeshe orodha, yeye atajua nani ana ndugu wapi, na kama kuna mtu anaweza kupigiwa simu akaambiwa kuna mzee huku Rungwe alikuwa anamtaja kaka yako kwenye maombi, mpigieni. Hiyo ni kazi ya baadae, usiichanganye na maandalizi ya mwezi wa nane, utachoka.

Kwenye kuandika anza na asubuhi ya kwenu, chai na neno la siku na tochi, kwa sababu kila aliyewahi kulala kwenu atamjua hapo hapo. Halafu nenda na safari zake kwa mfululizo, na kila alipokwenda weka kitu kimoja alichofanya, sio cheo. Sehemu ya vita mimi ningeiandika hivi, wewe irekebishe kwa sauti ya kwenu:

"Mwaka 1979 baba alikuwa kwenye vikosi vilivyopita Kyaka, Mutukula na Masaka hadi Lukaya. Nyumbani hakusimulia vita. Aliacha daftari la watu aliowaombea. Wengi ni wenzake ambao hawakurudi. Yumo mama wa Masaka aliyewapa maji. Yumo mtoto aliyemkuta na bunduki Liberia. Na yumo askari wa upande wa pili, ameandika hivi: Mlibya, Lukaya, jina silijui. Huyu alimuombea mpaka mwaka wake wa mwisho."

Basi, hapo unaruka moja kwa moja kwenye treni ya Kapiri Mposhi na matarumbeta, usitoe maelezo, usihubiri, mchungaji ana zamu yake. Na hizo safari za Zambia na Malawi usizipitie juu juu, tafuta mtu wa bendi akwambie baba alikuwa anapiga sauti gani, walikuwa wanalala wapi, nani alikuwa anabeba nini, maana hapo ndo kuna kicheko na wajukuu wanahitaji kucheka kidogo pia. Kurasa mbili za kusomwa zinatosha, kitabuni unaweza kuweka ndefu zaidi na picha.

Bunduki kaburini mimi nasema hapana, na sio kwa sababu ya aibu. Kule Herrnhut makaburi yao ni mawe ya kulala, yanafanana, tajiri na fundi, mchungaji na mtumishi, kwa sababu mbele ya Mungu hawapishani. Ba'mdogo akitaka kabisa jeshi lionekane, andikeni cheo chake mbele ya jina, Sajini, inatosha na ni haki yake aliyoitolea jasho. Au wekeni tarumbeta, sijui, hilo mkaongee kwenye kikao.

Halafu kipande cha 1979 mpe ba'mdogo ndo asome yeye, wewe soma sehemu nyingine zote. Mpe karatasi mapema, maandishi makubwa, ajizoeze nyumbani kwa sauti, na siku yenyewe kaa benchi la mbele na nakala ya pili mkononi, maana akifika kwa yule Mlibya anaweza kushindwa kuendelea na itabidi usimame umalizie.